Mfarishi wa Mtoto na Rangi Zisizochuja

Historia ya mfarishi wa Kimarekani husimuliwa kwa namna iliyozoeleka mno: mama maskini, nyumba ya magogo, baridi kali, na mfuko wa vipande vya nguo chakavu vilivyounganishwa ili watoto wapate cha kujifunika. Katika masimulizi hayo mfarishi wa mtoto mchanga, ule mdogo wa miraba ya kawaida na vitambaa viwili vitatu tu, huhesabiwa kuwa wa kimaskini kuliko yote. Kitambaa kilikuwa haba, muda haba, na ustadi haba. Naona masimulizi hayo yana kasoro, na kasoro yake inaonekana hata kabla ya kwenda makumbusho. Mtu anayeshona kwa masazo hapati vitambaa viwili, anapata ishirini. Hiki kilibaki kwenye gauni la mwaka juzi, kile kwenye shati la baba, kingine kwenye pazia au aproni, na kila kimoja kina rangi na maua yake. Anayeweza kupanga miraba myekundu na myeupe kutoka pembe hadi pembe bila kitambaa kubadilika ni mtu aliyekwenda dukani akachagua, au aliyeweka kitambaa kando kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Uchache wa vitambaa ni dalili ya uamuzi, na hoja yangu ni kwamba uamuzi huo ulitokana na ufuaji kuliko ulivyotokana na ufukara.

Mfarishi una tabaka tatu: uso wa juu, pamba ya kujazia katikati, na bitana chini, zote zikishikwa pamoja kwa mishono midogomidogo inayopenya moja kwa moja. Katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika Kaskazini hicho hakikuwa kifaa cha maskini. Mwanahistoria Sally Garoutte alipochunguza orodha za mirathi za enzi hizo, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980, alikuta kwamba mifarishi ilikuwa michache, na ilithaminiwa kwa fedha nyingi kuliko mablanketi. Waliojifunika mifarishi ni wenye nacho. Ushonaji wa kuunganisha vipande haukuenea miongoni mwa watu wa kawaida mpaka kitambaa cha pamba kiliposhuka bei, na historia ya kushuka huko haifurahishi. Samuel Slater alianzisha usokotaji wa pamba kwa mashine huko Pawtucket mwaka 1790. Mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney ilikuja mwaka 1793. Na katika miaka ya 1820 viwanda vya Lowell, Massachusetts, vikaanza kufuma kwa wingi. Pamba yenyewe ililimwa na watumwa weusi wa majimbo ya kusini, na kadiri viwanda vilivyoongezeka ndivyo mashamba ya utumwa yalivyotanuka.

Kitambaa hichohicho pwani yetu ilikijua vizuri. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, meli za Salem zilileta Zanzibar majora ya amerikani kutoka viwanda vya Massachusetts, na kitambaa hicho kikafika bara kwa misafara, kikitumika kama fedha kununulia pembe na chakula, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipokata ugavi wake na nguo za Bombay na Uingereza zikashika nafasi. Basi katika miaka ya 1840, pamba iliyovunwa na mikono ya watumwa huko kusini ingeweza kuwa mzigo wa mpagazi njiani kwenda Unyamwezi, na ingeweza pia kuwa bitana ya mfarishi wa mtoto kijijini Vermont.

Wapo walioiona aibu hiyo wakati uleule. Mfarishi wa mtoto mashuhuri kuliko yote wa karne ile unahusishwa na Lydia Maria Child, mwandishi aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa. Ulishonwa kwa ajili ya soko la hisani la wapinga utumwa wa Boston la Desemba 1836, na sasa unatunzwa na taasisi ya Historic New England. Una umbo moja tu linalorudiwarudiwa: nyota yenye mraba katikati na ncha nane pembeni. Katikati ya mfarishi, kwa wino, yameandikwa maneno ya kumwomba mama anayemkumbatia mwanawe amkumbuke mama mtumwa ambaye wake ameuzwa. Kwa ushahidi wa ufukara mfarishi huo hautufai kabisa, kwa sababu Child alikuwa na msimamo wake kuhusu viraka. Katika kitabu chake cha ubanaji matumizi cha mwaka 1829 alisema kwamba kukata kitambaa kizima vipandevipande ili kukipanga upya ni kupoteza wakati, isipokuwa kwa vipande ambavyo vingetupwa. Kama mwanamke aliyehubiri ubanaji matumizi aliona kuunganisha viraka kunahitaji kutetewa, basi tayari katika siku zake wanawake wengi walikuwa wakikata vitambaa vizima kwa ajili ya mfarishi. Mtu hakemei jambo ambalo halifanyiki.

Sasa tuangalie kilichowaongoza katika kuchagua. Mfarishi wa kitanda cha wageni ungeweza kukaa mwaka mzima bila kuona maji. Wa mtoto mchanga hukojolewa, hutapikiwa maziwa, na kabla ya sabuni za viwandani ulifuliwa kwa maji ya moto na sabuni ya majivu inayochubua mikono. Rangi nyingi za zamani hazikuhimili hayo. Kijani kilipatikana kwa kutia kitambaa rangi mara mbili, njano na buluu, na njano ilipofifia kikabaki kibuluu kilichopauka. Kahawia nyingi na nyeusi zilishikizwa kwa chumvi za chuma, na chuma hicho kilikula nyuzi taratibu. Kwenye mifarishi ya karne ya 19 jambo hili linaonekana kwa macho: pale palipokuwa na kiraka cha kahawia pana tundu, nyuzi zimekuwa unga, pamba ya ndani imechungulia, na mishono ya pembeni inashikilia hewa, huku kiraka chekundu kinachopakana nacho bado ni kizima, rangi imekolea.

Wekundu huo ulikuwa nyekundu ya Uturuki. Rangi yake ilitoka kwenye mizizi ya mmea, lakini siri ilikuwa katika utayarishaji: kitambaa kilipitishwa katika mafuta ya zeituni yaliyochacha, samadi na shabu, kikaoshwa na kukaushwa tena na tena kwa majuma, mpaka rangi ikajifunga ndani ya uzi wenyewe. Ilikuwa ghali kuliko rangi nyingine, na haikuchuja. Mwenzake alikuwa nili. Nili haiyeyuki katika maji; mpaka rangi yake ibadilishwe ndani ya pipa ndipo iingie kwenye uzi, na kitambaa kikitolewa nje hewa huirudisha katika hali yake ya kwanza, ikabaki imenaswa humo. Mshonaji aliyetaka kitu kitakachofuliwa kila juma alikuwa na rangi mbili za kutegemea bila hofu, nyekundu hiyo na buluu hiyo, na nyeupe ya kuziweka kando yake. Kosa la kitambaa kimoja liliharibu vyote: kipande kimoja kinachochuja hupaka doa viraka vyote vilivyokizunguka, na kadiri unavyoongeza vitambaa ndivyo unavyoongeza uwezekano wa kupata hicho kimoja. Kuna pia suala la kurudi. Vitambaa vya ufumaji tofauti hurudi kwa viwango tofauti vikifuliwa, vikauvuta mfarishi ukakunjamana. Vitambaa viwili vya ufumaji mmoja hurudi pamoja.

Umbo nalo lilifuata mantiki hiyohiyo. Kila mshono wa kuunganisha ni mahali ambapo mfarishi unaweza kufumuka. Pamba ya kujazia ya wakati ule haikuwa imegandishwa kama ya leo. Isiposhikwa kwa mishono ya karibukaribu, ikifuliwa mara mbili tatu hujikusanya madonge. Kwa hiyo mishono inayopenya tabaka zote ilipaswa kuwa mingi, na sindano hupenya kwa taabu mahali pengi ambapo kingo za viraka zimekunjwa kwa ndani. Viraka vikubwa na vichache huacha uwanja wazi wa sindano kupita. Kinachoonekana kama wepesi wa umbo kilifidiwa na kazi nzito ya mishono ambayo kwa mbali huioni.

Pingamizi la kwanza ni la mabaki. Mtu atasema kwamba tunahukumu kwa mifarishi iliyobaki, na iliyobaki ni ile isiyotumika. Iliyotumika ilichakaa, ikawa matambara, ikatupwa. Ni kweli, na linahitaji kujibiwa kwa uangalifu. Upendeleo wa mabaki unafanya kazi upande wa mifarishi ya fahari, ile ya hariri na maua ya kubandika, iliyofungiwa sandukuni. Kama ile rahisi ya rangi mbili ingekuwa imepotea kabisa, ningenyamaza. Lakini mapokeo ya rangi mbili yamebaki kwa wingi wa kushangaza: mwaka 2011, katika maonyesho ya American Folk Art Museum mjini New York, ilitundikwa mifarishi 651 ya nyekundu na nyeupe, yote kutoka mkusanyo wa mtu mmoja. Si yote ya watoto, wala sidai hivyo. Inathibitisha kwamba kushona kwa vitambaa viwili kulikuwa chaguo la makusudi lililodumu vizazi, na kwamba nyekundu isiyochuja ilikuwa kiini chake.

La pili lina uzito zaidi. Mfarishi wa mtoto ulikuwa shule ya sindano; je, urahisi wake hautokani na mikono michanga? Child huyohuyo, katika kitabu alichowaandikia wasichana mwanzoni mwa miaka ya 1830, alitaja kwamba wasichana wadogo hupenda kushonea wanasesere wao mifarishi, na wengine hufikia hata kuwashonea wadogo zao wachanga. Nakubali kwamba miraba minne na miraba tisa ilikuwa somo la kwanza. Ila somo linaeleza umbo, halielezi vitambaa. Msichana anayejifunza hupewa masazo, na masazo, kama nilivyosema, ni rangi mchanganyiko. Tena ipo mifarishi ya miraba ya kawaida ambayo mishono yake ya juu ni myembamba na imenyooka kiasi kwamba haikutoka kwenye mkono wa mwanafunzi.

Na ufukara? Siufuti. Huko Gee's Bend, Alabama, kwenye kingo za mto, wazao wa watumwa walishona mifarishi ya nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi zikionyesha buluu iliyokoza palipokuwa na mfuko. Pale vitambaa vilikuwa vichache kwa sababu nguo zenyewe zilikuwa chache. Nalo ni tukio la pekee lenye sababu zake, na hata pale wanawake walipanga na kupangua. Kazi zao zilipofika majumba ya sanaa ya Houston na New York mwaka 2002 hakuna aliyeweza kudai kwamba zilitokea zenyewe. Kuchukua hali ya Gee's Bend na kuifanya historia ya kila mfarishi rahisi ni kuwanyima wale wanawake historia yao, na kuwapa wengine isiyo yao.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni yaliyotokea pale nyekundu iliposaliti. Mwaka 1883 mwanakemia Mjerumani Paul Böttiger alipata rangi nyekundu ya maabara iliyoshika kwenye pamba moja kwa moja, bila mafuta wala shabu. Mwaka 1885 ikaingia sokoni kwa jina la nyekundu ya Kongo, siku ambazo Berlin ilikuwa imejaa habari za mkutano ulioigawa Afrika. Kongo ilikuwa jina la kuuzia bidhaa tu, rangi haikuwa na asili yoyote huko. Ilikuwa rahisi mno kwa bei, na ilichuja vibaya. Mifarishi ya kusini ya Marekani ya miaka iliyofuata imejaa viraka vilivyogeuka hudhurungi iliyofifia pale palipokusudiwa pawe pekundu. Sheria ya zamani, kwamba chagua nyekundu na hutajuta, ikavunjika.

Kisha mwaka 1901 René Bohn wa BASF akapata rangi ya kwanza ya jamii mpya ya rangi zilizovumilia jua na sabuni, na kufikia miaka ya 1920 na 1930 maduka ya Marekani yalikuwa na waridi, kijani cha majani machanga na njano laini zisizochuja, kwa bei ya mtu wa kawaida. Hapo ndipo mifarishi ya watoto ilipopata rangi hafifu tunazozihusisha na utoto, na ndipo vitambaa vilipoongezeka ndani ya mfarishi mmoja, ikiwemo mifuko ya unga na ya chakula cha kuku iliyochapwa maua. Kama umaskini ndio ungekuwa chanzo cha uchache, Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930 ungeleta vitambaa vichache zaidi. Ulileta vingi zaidi, kwa sababu woga wa beseni la kufulia ulikuwa umepungua.

Umbo rahisi hata hivyo halikuondoka, kwa kuwa sababu zake nyingine zilibaki: mishono inayofumuka, pamba inayotaka kushikwa, na miezi tisa ya mimba isiyorefushwa. Kisu cha gurudumu kilichotolewa na kampuni ya Olfa ya Japani mwaka 1979 kiliongeza nyingine, maana kilikata mistari na miraba iliyonyooka kwa dakika chache. Vitabu vya siku hizi humwambia mshonaji achague umbo kwanza, kisha atafute vitambaa vya kulijaza. Utaratibu wa karne ya 19, kwa kadiri ninavyousoma katika mifarishi yenyewe, ulianzia upande wa pili: kwanza kitambaa ambacho mama alikiamini katika maji ya moto, kisha umbo ambalo vitambaa viwili vya namna hiyo viliweza kulibeba.