Jiko Kubwa na Gunia la Mkulima: Nani Hunufaika na Chakula cha Shule?

Majiko makubwa yanayolisha maelfu ya watu husifiwa kwanza kwa idadi ya sahani. Kwa lishe, kipimo hicho ni halali. Kwa uchumi, hakitoshi. Makala haya yanadai kwamba jiko la namna hiyo huinua uchumi wa mahali lilipo kwa jinsi linavyonunua, wala si kwa wingi wa linachopika. Sahani ileile ya wali na maharage yaweza kumnufaisha mkulima wa jirani au mwagizaji wa bandarini. Linaloamua ni orodha ya vyakula, masharti ya zabuni na siku ya malipo.

Nairobi inatupa mfano. Mwaka 2012 Wawira Njiru alianza kuwapikia watoto 25 huko Ruiru. Shirika lililotokana na kazi hiyo, Food4Education, leo hushirikiana na Kaunti ya Nairobi katika mpango wa Dishi na County, uliozinduliwa mwaka 2023. Mzazi huchangia shilingi 5 kwa mlo, mtoto hugusisha bangili ya kielektroniki kwenye kifaa, na chakula hutoka katika majiko ya pamoja badala ya kila shule kukoka moto wake. Jiko kubwa zaidi la shirika hilo jijini lilijengwa kwa uwezo wa takriban sahani 60,000 kwa siku.

Tuchukue jiko la nusu ya ukubwa huo, sahani 30,000, na tukadirie gramu 50 za maharage makavu kwa kila mtoto. Litahitaji kilo 1,500 kwa siku. Maharage yakiliwa siku zote 180 za masomo, hizo ni tani 270, yaani magunia 3,000 ya kilo 90. Iwapo kila kaya inauza magunia matatu baada ya kujiwekea chakula na mbegu, jiko moja ni soko la kaya 1,000. Tena ni soko ambalo mahitaji yake yanajulikana kabla mbegu haijaingia ardhini. Mkulima anayemjua mnunuzi wake na bei yake huthubutu kununua mbolea. Asiyejua hulima kwa kubahatisha.

Lakini hesabu hiyo ni ya maharage. Wali una hesabu nyingine. Kenya huzalisha mchele mchache kuliko inaoutumia, licha ya skimu ya umwagiliaji wa mpunga ya Mwea, na sehemu kubwa ya pengo huzibwa na mchele wa Pakistan. Kila siku ya wali basi hupeleka sehemu ya fedha ng'ambo, ilhali siku ya githeri yaweza kuzibakiza kwa mkulima wa mahindi na maharage. Anayepanga mlo wa wiki anapanga pia sera ya kilimo, ajue asijue.

Brazili haikuliachia jambo hili bahati. Sheria namba 11.947 ya mwaka 2009 iliagiza angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zinunue mazao ya kilimo cha familia. Iliruhusu pia manunuzi hayo yafanyike bila zabuni ya kawaida, mradi bei zilingane na za soko la mahali. Kenya nayo hutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni hatua njema, ila humtazama mshika zabuni. Haiulizi gunia limetoka shamba gani.

Hata sheria nzuri hukwama kwenye malipo. Dalali hulaumiwa kwa kumpunja mkulima, lakini ana sifa moja ambayo taasisi nyingi hazina: hulipa taslimu, shambani, siku hiyohiyo. Mkulima mwenye karo ya kulipa hawezi kungoja hundi miezi mitatu. Kuna pia suala la majira: mavuno huja kwa mkupuo, jiko hupika kidogo kidogo, na shule hufunga. Bila ghala, mazao huuzwa bei ikiwa chini. Kwa hiyo stakabadhi ghalani, yaani hati anayopewa mkulima kwa mazao aliyoyaweka ghalani, ambayo Kenya iliitungia sheria mwaka 2019, ni sehemu ya jiko sawa na sufuria.

Wapo watakaouliza: je, mama anayeuza mandazi na chapati langoni pa shule? Swali ni la haki. Mtoto aliyeshiba kwa shilingi 5 hatanunua kwake, na ajira za jikoni hazitawatosha wote waliopoteza wateja. Upande wa pili yupo mzazi asiyelazimika tena kuacha kibarua adhuhuri ili akapike. Faida hiyo ni kubwa, lakini haimfikii mwenye kibanda. Kinachofaa ni kumpa kipaumbele katika ajira na katika zabuni ndogo za mboga na viungo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila jiko linalotumia fedha za umma litangaze kila muhula mambo matatu: mazao yalikolimwa, bei aliyolipwa mkulima, na siku alizosubiri malipo. Bila takwimu hizo, idadi ya sahani itatuambia watoto wangapi wameshiba, wala haitatuambia nani ametajirika.