Nasaba Iliyomo Katika Damu

Msomaji, huenda umepata kuwaona wanafunzi wa Embu au Meru wamejipanga safu wakingoja kutoa damu. Damu hiyo haitiwi mgonjwa kabla ya kupimwa, na mojawapo ya maradhi yatafutwayo humo ni homa ya ini ya aina ya B. Hebu tuitazame historia yake.

Zamani waganga waliona ya kwamba baadhi ya wagonjwa waliotiwa damu waligeuka macho kuwa manjano miezi kadhaa baadaye, wala sababu haikujulikana. Katika miaka ya 1960, Baruch Blumberg wa Marekani alikuta kitu kigeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Kumbe lilikuwa gamba la kirusi cha maradhi hayo! Mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel.

Kirusi hicho kina maandishi ya urithi yenye herufi 3,200 hivi. Kama mwandishi anakiliye kitabu kwa mkono, nacho hukosea mara kwa mara kijinakilipo, na makosa hayo hurithiwa. Kwa kuyalinganisha, mwaka 1988 wataalamu wa Japani walitenga nasaba nne, A hadi D. Nyingine zimegunduliwa baadaye. Katika damu ya watoaji wa Kenya, nasaba A ndiyo iliyokutwa kwa wingi, na D na E kwa uchache. Nasaba E ni ya Afrika Magharibi hasa. Nayo A ya Kiafrika yaonekana hata Bara Hindi na Brazil. Wataalamu wengi hudhani ilivushwa bahari katika miili ya wafanyabiashara na watumwa. Hivyo tone la damu huhifadhi habari za safari zisizoandikwa vitabuni.

Lakini elimu hii si ya kujua ya kale tu. Kipimo kisichotambua kila sura ya kirusi chaweza kumhatarisha mama avujaye damu wakati wa kujifungua. Baada ya bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998, Kenya iliunda huduma ya damu ya taifa, na Embu ikapata kituo cha eneo. Chanjo ya watoto wachanga ilianza mwaka 2001.

Basi, msomaji, ukitoa damu, yapokee majibu yako bila haya. Mwenye kirusi aweza kuonekana mzima miaka mingi huku ini likiharibika. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.