Kutoka Kabuku hadi Ligi Kuu

Ligi ya juu ya soka Tanzania ilianza mwaka 1965, na bingwa wake wa kwanza alikuwa Sunderland, ambayo leo ni Simba. Kwa miaka mingi, kijana wa Handeni au Korogwe, wilaya za mkoa wa Tanga, aliyetaka kuifikia alilazimika kwenda Tanga mjini. Huko kulikuwa na African Sports, na kulikuwa na Coastal Union iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988. Wilayani kwake alibaki na ndondo na ligi ya wilaya. Bingwa wa wilaya aliingia ligi ya mkoa, bingwa wa mkoa akakutana na wenzake wa mikoa mingine, ndipo likaja daraja la pili, kisha la kwanza. Timu nyingi ziliishia njiani kwa kukosa nauli.

Mambo yalibadilika mwaka 2012. Mgambo JKT, timu ya kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa kilichopo Kabuku, wilayani Handeni, ilipanda Ligi Kuu pamoja na Prisons ya Mbeya na Polisi Morogoro. Mechi zake za nyumbani ilizichezea uwanja wa Mkwakwani, Tanga mjini, lakini mizizi yake ilikuwa Handeni.

Timu ya jeshi huwapa wachezaji kitu ambacho klabu ya mtaani haina: chakula, malazi, uwanja wa mazoezi na, kwa baadhi yao, ajira inayobaki hata mguu ukigoma. Ndiyo maana JKT Ruvu, Ruvu Shooting na Oljoro nazo zilikuwa ngazi kwa vijana wasio na mtu wa kuwashika mkono Dar es Salaam. Msimu wa 2013/14 Mgambo iliwafunga Simba na Yanga, wote wawili, pale Mkwakwani. Kwa mchezaji asiyejulikana, mechi moja ya namna hiyo hufanya kazi ambayo misimu mitatu ya ligi ya mkoa haiwezi kuifanya, kwa kuwa siku hiyo wanaosajili wapo jukwaani.

Hata ngazi ikiwepo, kuipanda huchukua muda. Mbwana Samatta alianzia African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market, akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, na Mazembe wakamchukua. Alikaa Lubumbashi hadi alipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2015, akahamia Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na Januari 2020 akasajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Hata nje ya soka safari ni hiyo hiyo. Katika besiboli ya Marekani, klabu kubwa huwa na timu za madaraja ya chini za kuwalea wachezaji wake. Huko Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisaini na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akapita daraja moja baada ya jingine, na ni tarehe 26 Aprili 2017 tu alipoingia uwanjani katika ligi kuu, Mwafrika wa kwanza kufika huko. Naona wote wawili walihitaji jambo lilelile: kila walipomaliza daraja, daraja lililofuata lilikuwepo.

Handeni na Korogwe hazikubahatika hivyo. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu kati ya 16 za Ligi Kuu: Coastal Union, African Sports na Mgambo. Ulipokwisha, zote tatu zilikuwa zimeshika nafasi tatu za mwisho, na zote zikashuka daraja. Mkoa mzima ulibaki bila timu ya Ligi Kuu. Mashabiki waliililia zaidi Coastal, na hilo linaeleweka, lakini hasara ya Kabuku ilikuwa nzito zaidi. Mjini palibaki majina makubwa, wanachama na matajiri wa kuchangia. Handeni ilipoteza timu yake pekee ya Ligi Kuu.

Coastal Union ilirudi msimu wa 2018/19, na mwaka 2024 ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Mgambo haikurudi nayo. Ili ngazi ijengwe upya kutoka chini, vyama vya soka vya Handeni na Korogwe vihakikishe kwanza kwamba ligi za wilaya zinaanza kwa wakati na zinachezwa hadi mechi ya mwisho, na bingwa apewe nauli ya kwenda mkoani.