Panya wa mwaka 1996

Jamani, kuna jamaa hapa hosteli anabisha kwamba mwanaume mwenye homoni zake sawa hawezi kuwa mgumba. Basi nikamhadithia habari ya CREM.

Mwaka 1996 maabara mbili, moja ya Strasbourg, Ufaransa, nyingine ya Heidelberg, Ujerumani, zilitoa majibu yao katika jarida moja, Nature. Zilitengeneza panya wasio na jeni hiyo. Homoni zilikuwa sawa, lakini madume hawakuwa na mbegu hata moja! Seli zilimaliza kugawanyika, zikabaki viduara visivyo na mkia, zikafa. Kumbe protini ya CREM ndiyo swichi. Bila yenyewe, jeni za hatua ya mwisho zipo lakini zimelala tu.

Jamaa kanyamaza, halafu: "Na majike je?"

Walizaa kama kawaida.