Chumbe, hoteli isiyo na kisima

Masika yakianza, kisima cha Chumbe ni paa. Maji huteremka juu ya makuti, hupita kwenye chujio la mchanga na kokoto, kisha huingia katika tangi lililofichwa chini ya sakafu ya banda. Mgeni akitaka kuoga, maji husukumwa kwa pampu ya mkono, na yale ya moto hupashwa na jua. Hakuna njia nyingine. Kisiwa hiki cha hekta 22 hivi, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ni jiwe la matumbawe juu hadi chini, na ukichimba hupati maji matamu.

Ndiyo maana Chumbe haikuwahi kuwa kijiji. Mwaka 1904 Waingereza walijenga mnara wa taa, na karibu nao kukawa na nyumba ya mlinzi na kimsikiti cha mtindo wa Kihindi. Zaidi ya mlinzi na jamaa zake, hapakuwa na cha kumweka mtu. Baharini nako palikuwa na kizuizi. Njia ya meli za Dar es Salaam inapita jirani, na pwani ya ng'ambo ilikuwa na kambi ya jeshi. Mvuvi wa ngalawa aliona bora atege kwingine. Kwa hiyo wakati baruti ilipokuwa ikilipua miamba sehemu nyingi za pwani ya Tanzania, mwamba wa Chumbe ulibaki mzima kwa sababu tu hapakuwa na aliyeuhangaikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatokea wa kuuhangaikia. Sibylle Riedmiller, Mjerumani aliyekuwa amefanya kazi katika miradi ya misaada, alikuwa na wazo la kibiashara: hoteli ndogo ilipe mishahara ya walinzi wa mwamba, bila kungoja wafadhili. Kampuni ilianzishwa mwaka 1992. Mwaka 1994 serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi, na kampuni ikapewa kuisimamia. Mara nyingi hutajwa kuwa hifadhi ya bahari ya kwanza duniani kuendeshwa na kampuni binafsi.

Wageni, hata hivyo, hawakuanza kulala hapo hadi mwaka 1998. Anayejua kufungua hata mgahawa visiwani atakisia miaka ile ilikwenda wapi. Sheria ya uwekezaji ya 1986 ilikuwa imekwisha fungua mlango, lakini nyuma ya mlango ule kulikuwa na meza nyingi, na kanuni za ujenzi hazikuwa zimefikiria choo kisichotumia maji. Vifaa vyote vilivushwa kwa mashua. Gharama ilifika kama dola milioni 1.2, sehemu kubwa yake ikitoka mfukoni mwa mwanzilishi, na watu wengi walijitolea kufanya kazi bila mshahara. Kilichojengwa kwa fedha hizo ni mabanda saba. Mhasibu wa hoteli ya kawaida angeshika kichwa.

Walinzi waliajiriwa kutoka kwa wavuvi wa vijiji vya ng'ambo, wala hawakupewa bunduki. Kazi yao ilikuwa kumsogelea mvuvi mwenzao na kuzungumza naye. Haikuwa rahisi, maana hata lugha ilikuwa dhidi yao: wavuvi waliyaita matumbawe "mawe na miamba". Sasa jiwe nani alihurumie? Ilibidi kwanza waelezane kuwa jiwe lile ni kiumbe, na kwamba samaki wanaovuliwa nje ya mpaka wamezaliwa na kukulia ndani yake. Mwaka uleule wa 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi na matumbawe yakapauka kote katika Bahari ya Hindi. Yale ya Chumbe yaliumia, lakini yaliinuka tena.

Wakati huo pwani ya mashariki ya Unguja hoteli zilikuwa zikichimba visima mfululizo. Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kuwa mtalii mmoja huko alitumia wastani wa lita 685 za maji kwa siku. Katika nyumba ndogo za wageni ilikuwa lita 248, katika hoteli 931. Kiasi kikubwa cha maji hayo kilikwenda kunyweshea bustani juu ya mchanga, jirani na vijiji ambako watoto wanapanga foleni na ndoo. Namba hizi ndizo zinazonifanya niione Chumbe kama biashara kwanza, hifadhi baadaye. Hoteli nyingine huhesabu vitanda, kisha zikatafuta maji. Hapa paa lilitangulia, na kila banda likajengwa kwa kadiri ya mvua litakayokinga.

Nina manung'uniko yangu. Bei yake si ya mfuko wa Mzanzibari wa kawaida, na wengi wetu tumefika kule kama wanafunzi wa ziara za shule au kama wafanyakazi, si kama wageni. Na choo chake cha mboji, ambacho badala ya kuvuta maji unamwagia majani makavu, kitamshtua yeyote aliyelelewa na kopo chooni. Wala mwenye hoteli ya vyumba 60 pale Nungwi hawezi kuiga mabanda saba akabaki na biashara. Anachoweza ni kuanza na paa lake: alipime, ajue linakinga kiasi gani cha masika, kabla hajamwita mchimba kisima.

Usiku Chumbe haiwashi taa za nje, ili wanyama wasisumbuke. Mgeni hushika tochi, na njiani huweza kumkuta kaa mkubwa apandaye minazi, anayetoka kutafuta chakula chake gizani. Ukiizima tochi, kinachobaki ni mnara wa 1904, ukimulika meli zinazokwenda Dar es Salaam.