Mtoto wa Suria

Niliwahi kuitwa kwenye kikao cha kumaliza msiba hapa Olasiti. Marehemu aliacha shamba ambalo, kwa jinsi mji wa Arusha ulivyolisogelea, lilikuwa halihesabiwi tena kwa ekari bali kwa viwanja. Swali gumu halikuwa viwanja ni vingapi. Lilikuwa watoto ni wangapi. Palikuwa na kijana aliyezaliwa nje ya ndoa. "Mama yake ni nani katika ukoo huu?" mmoja akauliza. Watu wakainama.

Nami nikawakumbuka watawala wa Unguja, ambao kwa swali kama hilo wasingepata hata kiti cha kukalia. Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Mkewe wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, hakumzalia mtoto. Watoto wake walizaliwa na masuria, yaani wajakazi ambao bwana wao aliishi nao kinyumba bila nikahi. Majid, Barghash, Khalifa na Ali, walioshika usultani mmoja baada ya mwingine, wote walikuwa watoto wa masuria. Dada yao Salme, aliyezaliwa 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba mama yake alitekwa angali mtoto mdogo katika nchi ya Wacherkesi, akauzwa. Salme mwenyewe alirithi shamba.

Sheria ya Kiislamu ilisema wazi: mtoto aliyekiriwa na bwana ni huru, na fungu lake ni sawa na la mtoto wa mke. Mama yake hauzwi tena, na bwana akifa anakuwa huru. Lakini yeye harithi.

Huko Virginia, koloni la Waingereza, sheria ya mwaka 1662 iliamua kinyume: mtoto hufuata hali ya mama. John Wayles alipofariki mwaka 1773, mjakazi wake Elizabeth Hemings na watoto wake waligawiwa kama mali, wakaangukia nyumba ya mkwe wake, Thomas Jefferson. Miongoni mwao alikuwa Sally, ambaye inaaminika alikuwa binti wa Wayles, hivyo ndugu wa baba mmoja na mke wa Jefferson. Baadaye Sally naye alizaa na Jefferson, kama wanahistoria wengi wanavyokubali leo. Unguja mtoto alirithi. Virginia mtoto alirithiwa.

Nisieleweke kwamba naisifu Unguja. Mtoto wa watumwa wawili aligawiwa pamoja na mikarafuu. Aliyeachwa huru akafa bila warithi wa damu, bwana wake wa zamani ndiye aliyemrithi. Na amri ya kukomesha utumwa ilipotoka mwaka 1897, masuria waliachwa nje. Wakangoja hadi 1909. Ilihofiwa kwamba nyumba za wakubwa zingevunjika, kana kwamba nyumba ilikuwa ya kila mtu isipokuwa wao.

Pale Olasiti, aliyevunja ukimya alikuwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu. "Kaka yangu alimlipia ada huyu mpaka kidato cha nne. Mnataka awakiri vipi tena?" Kijana akaandikiwa kiwanja, cha mwisho kabisa, upande wa korongo. Mama yake hakuitwa kikaoni, wala mimi sikuuliza yuko wapi.