Wareno Walituachia Majina

Somo la leo ni viarifa, na tutapitia katika historia. Fungueni madaftari.

Kila sentensi ina kiima na kiarifa. Kiima ni yule anayesemwa. Kiarifa ni habari inayotolewa juu yake. Ukisema "Seyyid Said" ukanyamaza, mwenzako atangoja. Kafanya nini? Sema, "Seyyid Said alijenga hamamu Kidichi." Sasa umearifu. Kazi hiyo ilifanyika yapata mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na jengo mnalijua.

Wareno katika sarufi yao hutaja viarifa vya namna tatu. Kiarifa cha kitenzi: "O homem chegou", mtu yule alifika. Kiarifa cha jina: "O homem é velho", mtu yule ni mzee. Neno "é" ni kiungo tu, kama "ni" yetu; habari imo katika "mzee". Namna ya tatu huchanganya zote mbili: "O homem chegou cansado." Sisi twasema, "Mtu yule alifika amechoka." Wao wametumia kitenzi na sifa, sisi vitenzi viwili, na maana haikupungua hata chembe.

Watu hawa walikaa pwani yetu karibu miaka 200. Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499. Mwaka 1503 alikuja Ravasco, akatoza kodi kwa mizinga. Walishindwa na Waarabu wa Oman katika ngome ya Mombasa mwaka 1698.

Sasa tazama nyumbani mwako. Meza ni neno lao. Leso pia, na foronya ya mto, na bendera. Wazee wanaocheza karata barazani na kupiga turufu wanasema Kireno bila ya kujua! Hata gereza: asili yake ni "igreja", yaani kanisa. Mjini Unguja Waomani walijenga Ngome Kongwe pale palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ngome hiyo ikatumika kuwa jela. Neno moja limepita njia hiyo yote.

Lakini angalia: hayo yote ni majina. Kufikiri, kusafiri, kusamehe, kuhukumu, vitenzi hivi vilitoka kwa Waarabu. Kwa nini si kwa Wareno? Naona sababu ni maisha yao. Wareno wengi walikaa ngomeni na merikebuni; Waarabu walioa hapa, wakalima, wakasali, wakashitakiana na kupatana na wenyeji. Jina la kitu hufika pamoja na kitu chenyewe, hata likiletwa na adui. Kitenzi chataka watu wakae pamoja.

Basi akitokea mtu wa kukucheka kwamba Kiswahili ni maneno ya kuazima, mwandikie "alisafiri". "Safiri" ni ya Kiarabu, kweli. Mwulize "a" na "li" zimetoka wapi. Hizo ni za Kibantu, nazo ndizo zinazokuambia ni nani na lini.

Kazi ya nyumbani. Piga mstari chini ya kiarifa, kisha useme ni cha namna gani:

Hamamu ya Kidichi ni kongwe.
Bibi amenunua leso.
Wageni waliondoka wameridhika.